Zamu ya Mlangoni

Nimepewa mlango kwa sababu mlango naujua.
Mwaka ule wa homa nilisimama Birere na ndoo ya klorini,
nikiwapima watu paji la uso kwa kile kibastola cheupe,
wakaniita Bwana Kunawa.
Jina halikufutika. Leo tena: "Bwana Kunawa,
hata samaki wana homa?"
Wanacheka. Nacheka nao. Ndoo siiondoi.

Ukumbi wa shule, Himbi. Saruji juu ya lava.
Mabeseni kumi na manne ya buluu,
kila moja na kimia chake, kikombe chake, taulo lake.
Maji kila mtu kaja nayo kwa bidoni ya njano,
huyu kwa chukudu, yule kichwani.
Nimepiga chaki kati ya beseni na beseni
kama mpaka wa mashamba ya ndugu walionuniana.
Hawajanuniana. Ila kirusi hakiulizi ukoo.

Mwamuzi, Mwalimu Bauma, kaja na boti la usiku kutoka Bukavu.
Amekunja mikono ya shati. Amemgeuza samaki dhahabu wa Mama Kavugho
aone tumbo, na sasa, vidole vikichuruzika,
anaelekea beseni la pili.
"Mwalimu, mkono."
"Mkono umefanya nini?"
"Bado. Ndiyo maana nasema."
Ananitazama kama mtu aliyekatiziwa sala.
"Zamani tuliwatia wakubwa wote pipa moja,
ukaona nani ni nani."

Zamani ni mwaka juzi.
Tulizika sitini na wawili nyuma ya jiko la shule,
macho yamezama, matamvua yameoza meupe,
ngozi kama sabuni iliyosahauliwa majini.
Na yule aliyeuleta ugonjwa alikuwa mzima kuliko wote.
Tulimpa zawadi ya kwanza.

Mwalimu ananawa. Kisha anafunga mikono mgongoni
na kuanzia hapo anaamua kwa macho,
akiinama juu ya kila beseni kama nyange.

Saa nne anafika Hangi. Miaka kumi na mbili, labda.
Bidoni imekatwa mdomo, ndani koi mmoja,
mweupe, na doa jekundu begani
kama mlima wetu unavyowaka usiku wa mawingu.
Sijaona mzuri kama huyu.
Namuuliza maswali yale yale ya wote:
Umemnunua lini? Anaishi na nani?
Kuna aliyekufa nyumbani?

Angeweza kusema hapana.
Watu wazima wamesema hapana asubuhi nzima
na mimi nimeandika hapana, hapana, hapana.
Anakuna shingo. "Mmoja. Jumanne.
Lakini nilimtoa upesi."

Upesi. Neno hilo nalijua.
Alilala kwetu usiku mmoja tu, waliniambia Birere,
tulimwondoa upesi.

Koi anabaki nje, kivulini mwa ukuta,
bidoni imefunikwa kipande cha kitenge.
Hangi namnawisha hadi viwiko,
anakanyaga gunia lililoloweshwa dawa, anaingia.
Mikono mfukoni. Anazunguka mabeseni yote
asiguse hata ukingo mmoja.

Jioni zawadi imekwenda kwa Mama Kavugho.
Vimia vimelowekwa, vimesuuzwa, vimeanikwa juu ya mawe.
Maji hatukuyarudisha ziwani:
tuliyatia dawa, tukayamwaga shimoni, lava ikanywa.
Koi wangu mwenyewe sikumleta.
Wiki iliyopita nilimnunulia mwenzi,
nikajiuliza maswali ya mlangoni, nikajinyima ruhusa.

Hangi anatwika bidoni, anakwenda polepole
maji yasimwagike njiani.
Nimemwambia: wiki nne, peke yake,
walishe wengine kwanza, yeye awe wa mwisho.
Amehesabu siku kwa vidole, vidole vikamwishia.
"Na akipona?"

Akipona atakuwa mzuri hivi hivi.
Ataogelea, atakula mkononi mwako,
na labda atakuwa nacho ndani, kimelala, maisha yake yote.
Sikujua mtoto huambiwaje hilo.
Nilimwambia aje Jumamosi tuzungumze,
nikarudi kubadilisha maji ya ndoo.